Ruhusa na Likizo: Historia ya Siku ya Mapumziko katika Kazi ya Ujira, kutoka Njia ya Lumuma hadi Sheria ya Ajira

Neno likizo limezoeleka sana katika ofisi, shule na viwanda vya Afrika Mashariki, hata wengi hudhani kwamba jambo lenyewe lililetwa na ofisi, yaani kabla ya kuja karani na daftari lake, mtu wa nchi hii alifanya kazi bila kipimo na kupumzika bila hesabu. Dhana hiyo haina msingi. Makala haya yakusudia kuonyesha mambo matatu: kwanza, kwamba watu wa kazi ya ujira walikuwa na mapumziko yenye kanuni zinazojulikana kabla ya utawala wa kigeni, pili, kwamba kanuni hizo zilivunjwa na hesabu ya kipande, na tatu, kwamba sheria za baada ya uhuru zilimrudishia mfanyakazi siku yake kwa sura nyingine, ila hazikumfikia kila mtu. Njiani tutayachungua maneno yenyewe, maana katika jambo hili maneno yamehifadhi historia ambayo daftari za waajiri hazikuiandika.

Mahali tutakapoanzia ni bonde la Lumuma, katika nchi ya Wasagara, upande wa magharibi wa Kilosa kuelekea Mpwapwa. Mto Lumuma hutiririka kwenda kuungana na mto Mkondoa, na bonde lake lina maji katika nchi ambayo mbele yake, kwa msafiri aendaye bara, huanza kukauka. Njia kuu ya misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katika milima hii. Richard Burton, aliyepita hapo pamoja na John Speke mwaka 1857, aliliandika jina la mahali hapo kuwa Rumuma, na mbadilishano huo wa r na l hautamshangaza yeyote azijuaye lugha za sehemu hizi. La kutuhusu zaidi ni kwamba alipataja kuwa ni mahali palipopendwa na misafara kwa mapumziko, kwa sababu chakula kilipatikana kwa wingi, na wenyeji waliteremka kutoka vilimani kuja kuuza kuku, mbuzi na mazao yao.

Basi Lumuma inaingia katika maandishi ya historia kama kituo cha kupumzikia watu wa kazi. Yafaa tuulize: watu hao walikuwa nani, na mapumziko yao yalikuwa ya namna gani?

Wengi wao walikuwa wapagazi, na miongoni mwa wapagazi Wanyamwezi walikuwa na sifa kuu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa Tanganyika ya karne ya 19, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba hawa hawakuwa kundi la watu wanaosukumwa tu, bali wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi, heshima zao, na namna yao ya kudai haki. Mshahara wao ulipatanwa kabla ya safari, ukalipwa kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga au kwa nyaya. Juu ya mshahara kulikuwa na posho, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Posho ilitolewa siku ya mwendo na siku ya kukaa pia. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana lilimaanisha kwamba siku ya mapumziko ilimgharimu mwenye msafara, wala haikumgharimu mpagazi peke yake. Mapumziko yalikuwa sehemu ya mapatano ya kazi.

Mwendo wa siku nao ulikuwa na mpaka. Msafara uliondoka alfajiri na kwa kawaida ulitua kabla jua halijawa kali sana. Aliyetangulia mbele alikuwa kirangozi, na mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wa wote. Ilipotokea kwamba kituo cha mbele hakina maji, msafara ulifanya terekeza: watu walipika na kula mapema, wakabeba maji, wakaondoka adhuhuri au alasiri, wakalala njiani bila maji, kisha wakamaliza jangwa asubuhi. Ndivyo nyika ya Marenga Mkali, iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo, ilivyovukwa. Neno lenyewe yaelekea limetokana na kuteleka, yaani kukiweka chungu motoni. Na leo, katika umbo la kutelekeza, wengi hulijua kwa maana ya kumwacha mtu au kitu bila matunzo. Lakini katika kinywa cha mpagazi lilikuwa jina la kazi ya ziada, iliyohitaji maandalizi kabla yake na mapumziko baada yake.

Kwa hiyo kukaa Lumuma hakukuwa uvivu, ijapokuwa wasafiri wa Ulaya mara nyingi waliandika hivyo. Mpagazi aliyetua siku mbili mahali penye chakula alikuwa akinunua, akitwanga nafaka ya safari, akifunga upya mzigo wake, akitibu miguu na mabega. Mwenye msafara aliyelazimisha watu waondoke kabla ya wakati alikuwa hatarini, maana wapagazi waliweza kuketi chini wote kwa pamoja na kukataa mizigo, au kutoroka usiku mmoja mmoja. Burton mwenyewe alilalamika sana juu ya watoro. Tukiyasoma malalamiko hayo kwa upande wa pili, twaona kwamba kutoroka kulikuwa njia mojawapo ya mfanyakazi kusema kwamba mapatano yamevunjwa.

Tena palikuwa na mapumziko makubwa kuliko hayo ya njiani, nayo ni ya msimu. Mnyamwezi aliyekuwa mpagazi alikuwa pia mkulima. Safari nyingi za Wanyamwezi zilianza baada ya mavuno, na ilipokaribia mvua ya kupandia kila mtu alitaka kuwa kwake. Hii ndiyo iliyokuwa likizo ya mwaka ya watu hao, ingawa hawakuwa na neno hilo: muda unaojulikana, unaorudi kila mwaka, ambao mwajiri aliupanga ndani ya hesabu zake kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuuondoa. Tajiri asiyeujua msimu huo alikosa wapagazi, au aliwapata kwa ujira mkubwa mno.

Katika mashamba ya pwani na visiwani pia palikuwa na desturi ya siku. Hata mtumwa wa mashamba ya karafuu ya Unguja, ambaye hakuwa na mapatano yoyote na bwana wake, kwa mazoea alikuwa na siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, za kulima kipande chake mwenyewe. Juma lenyewe la Waswahili lahesabiwa kutoka Ijumaa: Jumamosi ni siku ya kwanza baada yake na Jumatano ni ya tano. Hesabu ya siku za kazi huanzia kwenye siku ya kukusanyika na kupumzika. Unguja ndiko lilikotoka pia neno kibarua. Kwanza lilikuwa barua ndogo, yaani cheti cha siku moja ya kazi. Kisha likawa jina la mtu anayekichukua cheti hicho. Mabadiliko hayo, kutoka karatasi hadi mtu, tutayaona tena hivi punde.

Haifai, hata hivyo, kuipamba zamani kupita kiasi. Desturi za msafara zilimlinda mwenye nguvu kuliko mgonjwa. Mpagazi aliyeshikwa na ndui au kuhara damu aliweza kuachwa kando ya njia, na posho yake ikakoma siku ile ile. Siku mbili za mtumwa zilitegemea hiari ya bwana, na mara nyingi zilikuwa siku za kujitafutia chakula ambacho bwana hakumpa. Desturi ilikuwa na nguvu pale tu ambapo mfanyakazi aliweza kuondoka na mwajiri alimhitaji. Tunachosema ni kwamba kanuni ilikuwapo, na pande zote mbili ziliijua.

Kanuni hiyo iliondolewa na mambo mawili, reli na kodi. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, nayo ilimlazimisha mtu kutafuta fedha hata msimu usipomruhusu. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Kilosa reli ilifuata bonde la Mkondoa, ikapita chini ya milima ile ile ambayo misafara ilikuwa ikiipanda. Kituo cha Lumuma kilikosa wageni wake. Mpagazi, ambaye kazi yake ilimpa nguvu ya kupatana, hakuhitajiwa tena kwa safari ndefu, na aliyetaka ujira alielekezwa mashambani.

Huko mashambani alikutana na kipande. Katika nchi ya Usambara, mwaka 1907, Wajerumani waliweka utaratibu wa kadi uliomtaka kila mwanamume mzima afanye kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye, chini ya Waingereza, kipande kilienea katika mashamba ya nchi nzima kama njia ya kuhesabu mkataba. Mfanyakazi alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyotimiza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Nafasi zote zilipojaa, alilipwa. Siku asiyofika, au aliyofika asitimize, haikutiwa alama. Mwezi wa kalenda ukaacha kuwa mwezi wa kazi, kwa kuwa mwezi wa kipande uliweza kuchukua wiki tano au sita, kadiri ya afya ya mtu na mvua ya mbingu.

Wanahistoria wengi wamekieleza kipande kama chombo cha kushurutisha, na ni kweli. Lakini yafaa kuona kwamba kilikuwa pia nadharia ya wakati. Kadi ile ilikuwa na mahali pa kuandika kazi tu. Siku ya kupumzika, siku ya homa, siku ya maziko, siku ya kumpeleka mtoto kwa mganga, zote zilikuwa sawa mbele ya kadi, yaani hazikuwapo. Posho ya siku ya kukaa, ambayo mpagazi wa Lumuma aliidai bila haya, ilikosa mahali pa kuandikwa. Mapumziko yalibaki, maana hakuna mwili uwezao kufanya kazi bila kukoma, ila gharama yake yote ilihamishiwa kwa mfanyakazi.

Sheria iliukamilisha mpango huo. Sheria ya Mabwana na Watumishi wa Kienyeji ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi bila idhini kuwa kosa la jinai, si kuvunja mapatano tu. Hapa neno utoro likapata kazi mpya. Lilikuwa neno la mtumwa anayemkimbia bwana, kisha la mpagazi aliyeacha mzigo. Sasa likawa la mtu huru aliyekwenda kwao kupanda mahindi kabla kadi haijajaa. Baadaye lilirithiwa na shule, na mpaka leo mtoto asiyehudhuria masomo huitwa mtoro. Si bure kwamba neno moja limepita katika vinywa vya bwana, tajiri, karani na mwalimu.

Wilaya ya Kilosa iliyaona haya kwa macho yake. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalihitaji watu wengi kuliko wenyeji waliokuwa tayari kwenda, kwa kuwa Wasagara na Wakaguru walikuwa na mashamba yao na misimu yao. Wafanyakazi wakatafutwa mbali, kwa mikataba, wakaandikwa kwa nambari, na hapo likatokea jina la manamba. Hapa tena alama ya karatasi iligeuka kuwa jina la mtu, kama ilivyokuwa kwa kibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kabla yake, mwaka 1926, serikali ilikuwa imeanzisha Idara ya Kazi chini ya Granville Orde-Browne, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuweka kambi za kupumzikia kwenye njia walizopita watafuta kazi. Hivyo mapumziko ya njiani yalirudi, lakini sasa yalipangwa na serikali ili mwili ufike shambani ukiwa mzima. Mtu alipumzishwa kabla ya kazi; ndani ya kazi, kadi iliendelea na hesabu yake.

Wakati huo huo palikuwa na watu katika nchi hii waliokuwa na likizo iliyo kamili. Afisa wa Kizungu, baada ya kipindi chake cha utumishi, alikwenda kwao Ulaya kwa miezi kadhaa, akilipwa mshahara, na nauli ya meli ikitolewa na serikali. Waswahili waliliita jambo hilo livu, kwa kulichukua neno la Kiingereza kama lilivyosikika. Karani wa Kiafrika naye alipata livu yake, fupi kuliko ya mkubwa wake. Mkata mkonge hakuwa na livu. Alikuwa na ruhusa, akipewa. Maneno haya mawili, yaliyotumika katika wilaya moja na miaka ile ile, yaligawanya watu kwa makundi waziwazi kama mishahara yenyewe.

Duniani jambo lilikuwa limeanza kubadilika. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa likizo zenye malipo, uliotaka angalau siku 6 za kazi kwa mtu aliyetimiza mwaka mmoja wa utumishi. Tanganyika ilikaa muda mrefu bila kufikiwa na mawazo hayo. Mwaka 1955 uliona mambo mawili: kutungwa kwa Sheria ya Ajira, iliyokuwa Sura ya 366 ya sheria za nchi, na kuundwa kwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL. Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Januari 1962 Tanganyika ikajiunga na Shirika la Kazi Duniani. Na katika mwaka huo huo wa 1962 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, kipande kikapigwa mwiko na likizo yenye malipo ikaingia katika haki za mfanyakazi wa kawaida. Kwa mara ya kwanza tangu siku za misafara, siku ya kutofanya kazi iliandikwa katika hesabu za mwajiri.

Ndipo neno likizo lilipostahili nafasi iliyo nayo. Mzizi wake ni likiza, na maana mojawapo ya kale ya likiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Kisha likatumika kwa kufunga shule au kuwaachia watu kazi kwa muda. Tulitazame kwa makini pamoja na mwenzake, ruhusa. Ruhusa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndani yake mna mtu anayeomba na mtu anayeweza kukataa. Mtoto halikizwi kwa kuomba. Hulikizwa kwa kuwa wakati wake umefika. Hatudai kwamba waliolichagua neno likizo kwa mambo ya kazi walikuwa na fikra hiyo akilini. Twasema tu kwamba lugha iliwapa neno linalofaa kwa haki inayoiva kwa kupita kwa wakati, wakati ruhusa lafaa kwa hisani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara na ambayo imerithi nambari ile ile ya Sura ya 366, imeifuata njia hiyo. Yampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, zikiwamo sikukuu zinazoangukia ndani yake. Yampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: nusu ya kwanza kwa mshahara mzima, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mwajiri ndiye apangaye wakati wa likizo ya mwaka, lakini hawezi kuiahirisha apendavyo. Kawaida haipaswi kupita miezi 6 baada ya mzunguko kwisha. Siku ya homa na siku ya maziko, ambazo kadi ya kipande haikuzijua, sasa zina majina yake katika sheria.

Kuna kifungu kingine ambacho mwanahistoria wa Kilosa atakisoma kwa makini zaidi. Mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo, isipokuwa aliyeajiriwa kwa msimu, au aliyerudi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka hata jumla ya muda wake ikapita miezi 6. Hapa sheria imemtambua tena mtu wa msimu, mrithi wa mpagazi na wa manamba. Naye hakosekani katika mashamba ya miwa ya upande wa Ruaha, kusini ya Mikumi, ambako kampuni ya sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960.

Lakini turudi bondeni. Lumuma ya leo yajulikana kwa kilimo cha umwagiliaji, hasa vitunguu, na kitunguu chataka mikono mingi kwa muda mfupi: kuandaa majaruba, kupandikiza miche, kupalilia, kung'oa. Anayekuja kufanya kazi hizo huitwa kibarua, kama alivyoitwa babu yake. Hupatana kwa siku au kwa kazi iliyopimwa, na siku asiyofika hailipwi. Hana miezi 6 kwa mwajiri mmoja, wala pengine mwajiri mwenyewe si tajiri, bali ni mkulima mwenzake anayengojea bei. Hesabu yake ni ile ya kipande, ila kadi haipo tena. Mapumziko yake hutegemea zamu ya maji na msimu wa mazao, kama yalivyotegemea posho mwaka 1857. Tofauti ni kwamba mpagazi alilishwa siku ya kukaa.

Jambo hili lawahusu wanafunzi wa lugha kwa karibu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na tangu hapo kazi ya kutafsiri sheria za nchi imekuwa wajibu wa lazima. Mtafsiri atakayeandika ruhusa mahali panapostahili likizo atakuwa amempokonya mfanyakazi kitu bila kukusudia, na atakayeandika utoro mahali ambapo sheria yasema kutokuwapo kazini atakuwa ameifufua sheria ya 1923 kwa neno moja. Kadhalika, mwenye kutunga kanuni za kazi za chama cha ushirika au cha wamwagiliaji hatakosa msamiati, kwa kuwa lugha imekwisha kumpa: posho ya siku ya kukaa, msimu, zamu. Maneno hayo yalitumiwa na watu waliojua kupatana, na bado yangali mikononi mwa wanaoyatumia.